Jinsi nilivyowafanya nyenje majike waifuate simu

Nilitaka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wajionee kwamba nyenje jike humfuata dume kwa sauti tupu, bila kumwona wala kumnusa. Si jambo jipya. Johann Regen alilithibitisha Vienna mwaka 1913: dume aliimba mbele ya simu ya mezani ya enzi zile, na jike akakiendea kile kipande cha kusikilizia upande wa pili wa waya. Sisi hapa Siaya, Kenya, tuna simu mfukoni, na wafugaji wa nyenje ni majirani zetu. Tulikosa nini?

Kumbe simu ndiyo ilikuwa sehemu rahisi. Ngumu ni kumpata jike mwenye hamu ya kusikiliza. Ukichota tu majike kwenye kreti la mfugaji, wengi wao wameshakutana na dume (na kwa nyenje, jike ndiye humpanda dume, jambo lililowachekesha vijana kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda). Kifuko cha mbegu anachoachiwa hubeba kimeng'enya kinachotengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ndani ya mwili wake, na hizo ndizo humsukuma atage. Jike wa namna hiyo anatafuta mahali penye unyevu pa kuweka mayai. Mwimbaji atajijua mwenyewe.

Kwa hiyo niliwatenga wakiwa bado tunutu, kabla hawajajivua gamba mara ya mwisho. Mabawa huwa hayajatimia, lakini jike unamtambua: kati ya vile vimkia viwili vya nyuma kuna mrija mwembamba wa kutagia unaoanza kuchomoza. Nikawaweka kwenye ndoo yao, na vipande vya trei za mayai, chakula cha vifaranga na pamba iliyolowa maji, mbali na madume.

Hata akishajivua lile gamba la mwisho na kuwa mtu mzima, usimkimbilie. Kwa nyenje wa nyumbani, huyu wa kahawia tunayemfuga, jike mchanga hashtuki hata dume akiimba kwa nguvu. Nyuma ya ubongo wake kuna tezi mbili ndogo zinazotoa homoni ya uchanga, ile ile inayomzuia tunutu asikomae kabla ya wakati. Katika siku za mwanzo za utu uzima tezi hizo huongeza kasi, na kadiri homoni inavyopanda, ndivyo sauti ndogo zaidi inavyotosha kumwinua. Watafiti wa Marekani waliwapa majike wachanga homoni hiyo, wakaanza kuitikia mapema. Mimi sina homoni ya chupa, nina subira. Niliwaacha karibu wiki.

Siku ya jaribio tulifunga madirisha ya stoo, tukalaza ubao sakafuni, simu mbili zinazofanana kila mwisho, moja ikiimba wimbo wa dume uliorekodiwa na nyingine kimya, na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu. Kila jike alikaa kwanza chini ya kikombe hadi atulie. Nyenje aliyekamatwa kwa vidole damu yake hujaa oktopamini, ambayo kwa wadudu hufanya kazi kama noradrenalini kwetu: ni ya kupigana na kukimbia. Ukimwachilia hapo hapo utapima woga wake, si mapenzi yake.

Jike wa kwanza alisimama tu kikombe kilipoinuliwa. Papasi zake za kichwani zikacheza. Akatembea hatua chache, akasita, akageuka kidogo upande wa simu inayoimba, akatembea tena. Alikwenda kwa kupinda, kushoto kidogo, kulia kidogo, maana masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, chini ya magoti, na kila anaposikia zaidi upande mmoja hugeukia huko. Alipoifikia simu akapanda juu ya spika. Msichana mmoja akanong'ona, "Mwalimu, anamtafuta ndani!" Tukabadilisha upande wa sauti, na mwenzake naye akaifuata.

Kijana mmoja alikuwa amechukua ule wimbo na kurefusha nafasi kati ya mapigo kwa programu ya kuhariri sauti. Mlio ni ule ule, wa mitetemo kati ya 4,000 na 5,000 kwa sekunde, ila mwendo umeharibika. Majike wakaupuuza. Jambo hili limefafanuliwa vizuri kwa nyenje wa jamii nyingine, Gryllus bimaculatus, ambapo mwaka 2015 watafiti wa Cambridge walieleza kikundi kidogo cha seli za ubongo kinachopima mwendo. Habari ya pigo moja hupita njia mbili. Moja huenda moja kwa moja, nyingine hucheleweshwa na seli inayozuiwa kwanza kisha ikaruka ghafla kizuizi kikiisha. Pigo linalofuata likifika kwa wakati wake, habari hizo mbili hukutana na seli inayofuata huwaka. Likichelewa, hazikutani.

Mwisho nilimleta jike aliyetoka kwa madume. Alikaa pale pale akisafisha papasi. "Kwa hiyo huyu hasikii?" wakauliza. Anasikia. Sikio ni lile lile, wimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni kemia iliyo kati ya sikio na miguu.

Mwalimu mwenzangu ukitaka kujaribu, rekodi wimbo katika joto lile lile utakalofanyia jaribio. Usiku wa baridi dume huimba polepole, na jike aliye kwenye chumba chenye joto husubiri mwendo wa kasi zaidi.