Ngiri, ua wa kayaba na kanta yangu ya kwanza

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kwetu mnyama wa kupanda ni punda. Babu yangu alikuwa nao wanne wa kubebea mchanga na mawe ya kujengea, naye alitufundisha kuutambua mwendo wao kwa kusikiliza tu, tukiwa ndani ya nyumba, kuanzia wa kutembea hadi wa kukimbia kabisa. Hii telki. Haya matiti. Hii sasa shoti, tokeni mkafungue njia. Kwa hiyo nilipoanza kujifunza kupanda farasi hapa Nairobi mwaka jana, nikiwa na miaka 36 na watoto wawili, niliamini sehemu kubwa ya kazi nilikwisha kuifanya utotoni.

Jambo moja sikulijua. Punda akishtuka, mara nyingi husimama. Hukita miguu, akatega masikio, akakipima kilichomshtua. Farasi hukimbia kwanza, kupima ni baadaye. Mwalimu alinieleza hayo katika somo la kwanza na mimi nikaitikia kwa kichwa, kama mtu anavyoitikia habari isiyomhusu.

Zizi ninalojifunzia liko nje kidogo ya Barabara ya Ngong, upande wa Karen. Nashuka matatu ya 111, natembea kama dakika kumi na tano kando ya ua wa kayaba, miti ya miiba, uliopita kimo cha mtu, na kabla sijafika langoni harufu ya lusani, majani ya kulishia farasi, na ya samadi imeshanipokea. Farasi ninayempanda ni jike wa kahawia mwenye singa nyeusi, anaitwa Zawadi. Kama farasi wengi wa kufundishia hapa mjini, alianzia kwenye mbio. Uwanja wa mbio wa Ngong upo pale tangu 1954, na farasi anayemaliza mashindano akiwa bado mzima wa miguu huweza kuuzwa kwenye mazizi kama letu. Saisi anayemtunza, mzee aliyeishi na farasi tangu ujana wake, aliniambia siku ya kwanza: “Mama, huyu ameacha mashindano, lakini akisikia kitu nyuma yake bado kazi anaikumbuka.”

Somo langu la nane liliangukia Jumamosi moja ya Aprili. Mvua ya masika ilikuwa imepiga siku tatu mfululizo na farasi walishinda ndani. Farasi aliyezoea kutoka kila siku, ukimfungia siku tatu huku chakula chake ni kilekile, anakuwa na nguvu asiyojua aipeleke wapi. Mwalimu alimzungusha kwanza kwa kamba ndefu, akamwona ametulia. Uwanja wa mchanga ulikuwa dimbwi, basi tukahamia malishoni, kwenye majani, jirani na ua.

Dakika ishirini za mwanzo zilinipa raha. Tulikuwa kwenye matiti. Farasi akienda matiti miguu yake hupiga chini miwili miwili, wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi ya pili, na mpandaji huinuka kwenye pigo moja na kuketi kwenye pigo linalofuata. Mbili, mbili, mbili. Wiki saba zilizotangulia nilikuwa nikigongwa na tandiko kila hatua, na siku ile, kwa mara ya kwanza, mwili ulikuwa umeelewa wenyewe.

Ndipo ngiri akachomoka chini ya kayaba, mkia wima, akatupita ubavuni hatua chache tu kutoka puani mwa Zawadi.

Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, kwa hiyo huona karibu pande zote. Pasipoonekana ni mbele kabisa ya paji la uso na nyuma kabisa ya mkia. Zawadi alimwona ngiri akija, kisha akampoteza nyuma yake, na kwa mnyama anayewindwa hapana pabaya zaidi ya hapo. Nilihisi makalio yake yakizama chini yangu, kisha mgongo ukaninyanyua, na ua wa kayaba ukaanza kupita kwa kasi.

Ninachotaka kukisimulia hasa ni kile mwili wangu ulichofanya baada ya hapo, kwa sababu nimekifikiria mno tangu siku ile. Niliinama mbele. Nilibana visigino mbavuni mwake. Nilivuta hatamu kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote. Nilishika pumzi. Sikuamua hata moja kati ya hayo, hofu ilinifanyia. Na kila moja, kwa farasi aliyetoka kwenye mbio, ni amri ya kuongeza mwendo. Mtu aliyeinama mbele ni joki, mpandaji wa mashindano. Visigino mbavuni maana yake twende. Hata kuvuta hatamu, ambako kila mtu hudhani ni breki: farasi wa mbio hufunzwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kukimbia akiwa ameshikwa, kwa hiyo kadiri unavyomvuta bila kulegeza ndivyo anavyopata kitu cha kuegemea. Nilikuwa namlilia asimame huku mwili mzima unamwambia akimbie. Yeye alikuwa mtiifu kabisa.

Mnyama wa kilo karibu 500 hazuiliki kwa mikono ya mtu. Hilo nililijua viganjani, maana hatamu zilikuwa zinaniteleza na kuchubua ngozi. Kikuku cha kushoto, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, kikanitoka mguuni.

Mwalimu hakunikimbilia. Baadaye alinieleza kwamba mtu anayekimbia nyuma ya farasi aliyeshtuka anamfukuza zaidi. Alisimama palepale katikati ya malisho akapaza sauti kwa maneno mafupi, moja moja: “Pumua! Keti! Shika singa!”

Kushika singa nilikuweza mara moja. Niliachia mkono wa kushoto, nikaukunja ndani ya zile nywele nyeusi shingoni, mizizi kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu ngiri atoke nikawa nimeshika kitu kisichoteleza na kisichomuumiza mdomo. Kupumua kulinishinda. Kifua kilikuwa kimefunga. Kilichonifungua ni kwamba nilitamka Bismillahi kwa sauti, na huwezi kulitamka neno bila kutoa pumzi. Nikarudia. Mara ya tatu mabega yakashuka, na mabega yaliposhuka nikajikuta nimeketi, nimeketi kweli, mifupa ya makalio iko ndani ya tandiko.

Hapo ndipo masikio yalipofunguka. Nikasikia kwato. Hazikuwa mbili mbili tena. Zilikuwa tatu, kisha kimya kidogo, tatu, kisha kimya. Mwalimu alikuwa amenifafanulia siku moja tukiwa tunapiga brashi: kwenye kanta, mwendo ulio kati ya matiti na shoti, mguu mmoja wa nyuma hutangulia, kisha miwili hutua pamoja, kisha mmoja wa mbele humalizia, halafu kuna kitambo ambapo hakuna ukwato hata mmoja ulio chini. Shoti ina mapigo manne. Nilihesabu tena. Tatu. Basi hii haikuwa shoti. Ilikuwa kanta, kama kilomita 20 kwa saa hivi, kama theluthi moja tu ya kasi anayoweza kuifikia farasi wa mbio akiachiwa. Nilitambua mwendo kwa masikio, vilevile kama pale barazani kwa Babu, na kutambua kule kukanipa nafasi ya kufikiri jambo moja lililofuata.

“Duara!” mwalimu alikuwa anaita. “Duara kubwa! Kubwa!”

Ukubwa ulikuwa na sababu. Ukimpinda farasi ghafla kwenye majani yaliyolowa anaweza kuteleza mkaanguka wote wawili, na yeye akakuangukia. Nilitazama kwenda kulia, mbali, kwenye mti wa mugumo uliokuwa mwisho wa malisho, nikavuta hatamu ya kulia kidogo, nikalegeza. Nikavuta, nikalegeza. Niliona jicho lake la kulia likija kidogo upande wangu. Ua ukaacha kukimbia ubavuni, tukawa tunauelekea mti, kisha tunauacha. Duara la kwanza lilikuwa pana kama malisho yenyewe. La pili lilikuwa dogo zaidi, na katikati yake nikasikia mapigo yamevurugika, tatu ikawa si tatu, kisha zikarudi mbili. Matiti.

Nikiri kwamba matiti yale ndiyo yaliyokaribia kuniangusha. Sikuwa na kikuku cha kushoto, na kila pigo lilinirusha upande. Kanta ilikuwa imenibeba kama dau linavyopanda wimbi na kushuka nalo. Matiti yalinitikisa kama korosho kwenye ungo. Nilimshika singa kwa mikono yote miwili nikaendelea kutoa pumzi. Saisi alikuwa langoni, mikono ameishusha kabisa, anamwambia Zawadi kwa sauti ya chini, “Haya mama, haya, taratibu,” na mpaka leo sijui kama neno mama lilikuwa langu au lake. Zawadi alisimama mbele ya saisi, akapuliza puani mara mbili.

Sikushuka. Mwalimu hakuniruhusu, na naona alifanya sawa. Alinirudishia kikuku mguuni, akanitembeza hatua kwa hatua dakika kumi, mara kulia, mara kushoto, mpaka Zawadi akashusha shingo na kuanza kulamba midomo. Magoti yangu yalitetemeka muda wote. Niliposhuka yalikataa kunibeba, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimtazama saisi akimpapasa farasi miguu yote minne kuanzia goti hadi ukwato, polepole, akitafuta joto. Hakulipata.

Nilimwambia mwalimu wazi kwamba sioni kwa nini mwanafunzi wa somo la nane apelekwe malishoni siku kama ile, farasi akiwa hajatoka siku tatu. Hakujitetea. Alisema ni kweli, uwanja ukijaa maji tena somo litakuwa la kupiga brashi na kufunga matandiko. Tangu siku ile Zawadi huvalishwa mkanda mwembamba wa ngozi shingoni ninapompanda, ili nikihitaji kushika nisitafute. Kama unaanza kujifunza, omba mkanda huo kabla ya kuuhitaji. Na kofia yako iwe imefungwa kidevuni, si imewekwa kichwani tu.

Wiki mbili sikuenda. Nilisingizia kazi. Ya tatu nilikwenda, na nikaomba nifundishwe kanta.

Mwalimu alimfunga Zawadi kamba ndefu, akanifungia hatamu fundo shingoni mwa farasi nisiziguse. Mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine pajani. Mguu wangu wa upande wa nje wa duara unarudi nyuma kidogo, unagusa, huo ndio ufunguo. Niligusa. Mgongo ukazama, ukaninyanyua, na moyo ukaruka vilevile kama siku ya ngiri. Nikatamka Bismillahi kwa sauti. Saisi, aliyekuwa ameegemea ua wa mbao, akaitikia kwa kichwa.

Nikafumba macho nisikilize. Tatu, kimya. Tatu, kimya.