Handaki la Mombasa na Voi: kupitisha IPv4 ndani ya IPv6

Wiki ya kwanza, mezani

Duka la mama huko Voi lina kamera nne na DVR (kinasa video) ya zamani isiyojua lugha yoyote ila IPv4, mfumo wa zamani wa anwani za intaneti. Mimi niko Mombasa. Nataka kuziona kamera hizo bila kupitia ile programu ya simu ya mtengenezaji, inayosafirisha picha zetu hadi seva za ng'ambo ndipo zirudi hapa, kama kilomita 150 kutoka zilikoanzia.

Kikwazo ni kwamba hakuna upande wenye anwani ya IPv4 yake yenyewe. Ruta ya Mombasa inaonyesha anwani inayoanza na 100.87, ya Voi 100.102. Zote mbili ziko ndani ya 100.64.0.0/10, fungu lililotengwa 2012 kwa watoa huduma wanaorundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiwa humo unaweza kutoka, lakini hakuna anayeweza kukupigia hodi. Ndiyo hali yenyewe: anwani za IPv4 ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la IANA, wagawaji wa anwani duniani, lilikauka Februari 2011.

IPv6, mfumo mpya wa anwani, tunayo pande zote, tena ya hadharani. Basi wazo ni hili: pakiti (kifurushi cha data) ya IPv4 ivikwe kichwa cha IPv6, yaani maelezo ya mbele yenye anwani, isafiri, ikifika ivuliwe. Hilo ndilo handaki. Mbinu hii si mpya, RFC 2473, waraka wa kanuni za intaneti, iliieleza tangu 1998.

Vifaa ni kompyuta mbili ndogo za mitumba zenye Debian 12, aina ya Linux, kila moja nimeiongezea mlango wa pili wa kebo kwa adapta ya USB. Ndizo ruta zangu. Katikati nimeweka laptopu iliyozimwa IPv4 kabisa, iigize intaneti. Amri yenyewe ni mstari mmoja:

`ip -6 tunnel add handaki mode ipip6 local fd00:1::1 remote fd00:2::1`

Nikaliwasha handaki, nikalipatia anwani 10.99.0.1/30 huku na 10.99.0.2/30 kule, nikaongeza njia ya 192.168.20.0/24, mtandao niliopangia Voi. Nikapiga ping, ujumbe mdogo wa kuuliza kama upande wa pili upo. Kimya.

Kosa la kwanza ni la aibu. Kwenye fayawoli (kichujio cha pakiti) nilikuwa nimeruhusu itifaki, yaani aina ya mzigo ulio ndani ya pakiti, kwa jina, `ipip`, nikidhani ndiyo hiyo. Angalia faili la /etc/protocols: `ipip` ni namba 94, kitu kingine kabisa. IPv4 iliyofungwa ndani ya pakiti nyingine ni namba 4, na jina lake humo ni `ipencap`. Tangu siku hiyo naandika namba.

Nikaweka `ip6 nexthdr 4 accept`. Kimya tena. Hapa nilikaa siku mbili. tcpdump, programu ya kuchungulia pakiti, ya upande wa pili ilionyesha pakiti zinafika vizuri, ila kati ya kichwa cha IPv6 na pakiti yangu kulikuwa na neno DSTOPT ambalo sikuliita. Kumbe Linux, usipoikataza, huongeza kichwa kidogo cha baiti 8 kinachohesabu pakiti ivikwe mara ngapi zaidi, isije ikavikwa vazi juu ya vazi bila mwisho. Kawaida yake ni 4. Kichwa hicho ni namba 60, na `ip6 nexthdr` hutazama namba ya kwanza tu inayoiona. Ikiona 60 haiendelei kutafuta 4.

Dawa ni mbili na nimetumia zote: `encaplimit none` kwenye handaki, na `meta l4proto 4` kwenye fayawoli, ambayo huruka vichwa vya kati hadi ifike kwenye itifaki yenyewe. Ping ikajibu. Nilipiga kofi moja peke yangu saa saba usiku.

Wiki ya tatu, Voi

Treni ya asubuhi, ruta begani. Mama alinipokea kwa chai na swali moja: hiyo mashine itakula stima kiasi gani?

Kwanza, nyumba zote mbili zilikuwa zinatumia 192.168.1.0/24, na handaki halina maana ikiwa mtaa wa huku na wa huko una jina moja. Nikahamisha Voi kwenda 192.168.20.0/24. DVR haina njia ya kubadilishwa kwa mbali, kwa hiyo nikapanda ngazi na kipanya, nikaibadilisha kwenye skrini yake. Mama kutoka kaunta: "Baba, mbona televisheni imekuwa nyeusi?" Humo ndani nikakuta nafasi ya geti (ruta ya kutokea nje) imeachwa tupu tangu fundi wa kwanza. Yaani hata ningeifikia isingejua majibu iyapeleke wapi.

Pili, ruta ya mtoa huduma upande wa Mombasa hufunga kila kitu cha IPv6 kinachoingia, na ukurasa wake wa kufungulia unajua TCP na UDP tu, itifaki mbili za kawaida. Itifaki namba 4 haimo kwenye orodha. Nilichofanya ni kuziacha ruta zangu zipigiane ping ndani ya handaki kila sekunde 30, kutoka pande zote mbili. Ruta ile ikiona pakiti imetoka kwenda Voi, inakubali inayorudi kutoka Voi. Si usanifu wa kujivunia, lakini mpaka sasa haijaniangusha.

Wiki ya nne

Ukurasa wa kuingilia DVR ulifunguka. Nikaandika nywila, picha ikaja nusu, ikaganda. Ping nzuri, SSH (kuingia kwa amri kutoka mbali) nzuri, picha hakuna: pakiti ndogo zinapita, kubwa zinakwama. Aliyewahi kucheza na mahandaki ameshajua.

Kebo ya kawaida hubeba baiti 1500. Kichwa cha IPv6 kinakula 40, zinabaki 1460, na ndizo nilizoweka kwa mkono kwa sababu mezani zilifanya kazi. Lakini faiba ya Mombasa inakuja kwa PPPoE, vazi jingine la mtoa huduma, nalo lina baiti zake 8. Njia halisi ni 1492, kwa hiyo handaki ni 1452. Nilithibitisha kwa `ping -M do -s 1424`, inapita (28 zilizobaki ni vichwa vya IPv4 na ICMP, itifaki ya ping na ya taarifa za makosa). Ya 1425 haipiti.

Swali ni kwa nini mtandao haukunionya. Kwenye IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti vipande, hurudisha ujumbe wa ICMPv6 aina ya 2 kusema pakiti ni kubwa mno. Ujumbe huo ulikuwa ukirudishwa Voi, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikiutupa: kwa mazoea ya IPv4 niliweka juu kabisa ya fayawoli sheria ya kuzuia karibu ICMPv6 yote. Nimeifuta. Nimeweka MTU (kipimo cha juu cha pakiti) ya handaki 1452, na mstari wa kuzishauri TCP zisizidishe kipimo:

`tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu`

Mstari huo unaleta 1412 kwa data ya TCP, na picha zote nne zikafunguka.

Wiki ya tano

Stima ilipotea Voi Jumanne usiku, iliporudi mtoa huduma wa huko akatoa anwani mpya ya IPv6. Handaki likabaki linaelekea kwenye nyumba iliyohamwa, maana lilishika namba na halijui majina. Sasa Voi inatangaza anwani yake kwenye DNS, daftari la majina ya intaneti, na Mombasa ina skripti ya kila dakika tano: ikiona rekodi ya AAAA (inayobeba anwani ya IPv6) imebadilika, inaendesha `ip -6 tunnel change`. Upande wa pili ni vivyo hivyo.

Kasoro iliyobaki naijua: handaki hili halina kufuli. Picha na nywila ya DVR vinapita wazi. Nitaweka WireGuard, handaki lenye kufuli, badala yake, nayo hubeba IPv4 juu ya IPv6 bila shida, ila inakula baiti 80, kwa hiyo MTU itashuka hadi 1412. Tena inatumia UDP, kwa hiyo ule ukurasa wa ruta utaielewa. Ningeanza nayo tangu mwanzo? Labda, lakini nisingeijua namba 60.

Nitaijaribu mezani kwanza. Ruta ya Voi siigusi kwa mbali, mpaka niwe nimesimama mbele yake.