Kesi ya benki iliyofungwa na bahasha ya baba mdogo

Baba mdogo, anayeuza vipuri Kariakoo, ameniletea tena bahasha yake: kitabu cha akaunti ya benki iliyokwishafungwa, fomu ya madai yenye mhuri uliofifia, na swali lilelile la kesi itaisha lini. Nimemweleza kwamba wenye hisa wanapoishtaki Benki Kuu, kinachobishaniwa mahakamani ni uhalali wa kufuta leseni, wala si salio lake; fidia ya Bodi ya Bima ya Amana, ambayo enzi hizo ilikomea shilingi 1,500,000, alikwishalipwa, na kilichobaki kinamngoja mfilisi akusanye madeni na kuuza mali.

Hapa hapa Dar tuliiona benki ya FBME: Julai 2014 Marekani iliituhumu kwa utakatishaji wa fedha, Benki Kuu ikaichukua chini ya usimamizi wake, benki ikaipinga tuhuma hiyo katika mahakama ya Washington, na tarehe 8 Mei 2017 leseni ikafutwa. Kwa maoni yangu, benki iliyokwisha kufungiwa milango ya miamala ya dola za Marekani haikuwa na pa kwenda, ingawa (niseme ukweli) wenye amana hupewa taarifa kwa kijiko.

Baba mdogo alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama jaji anaweza kupigiwa simu.