Mateka wa Omar na mzee wa stoo

Ilikuwa msimu wa korosho, Nachingwea. Mzee wetu alikuwa kibarazani anabangua zake za kula nyumbani. Enzi za vita vya Msumbiji alikuwa mtu wa stoo katika kambi ya FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno; kambi iliitwa Farm 17. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za mateka wa Omar.

Omar ilikuwa ngome ya Wareno Cabo Delgado, upande wa pili wa Ruvuma. Tarehe 1 Agosti 1974 wapiganaji wa FRELIMO waliizingira, wakawaita waliomo kwa kipaza sauti wajisalimishe. Zaidi ya askari 130 walichukuliwa, wakaletwa Tanzania.

“Mwanangu, kumwachia mateka kunaanza siku unayomkamata,” alisema. “Ukimpiga njiani umeshaharibu.”

Akaeleza kazi yenyewe. Silaha kwanza: bunduki abebe mtu huyu, magazini abebe mwingine. Halafu orodha, jina na cheo, nakala mbili, maana asiyeandikwa hupotea bila mtu kuulizwa. Pete, saa na picha za watoto abaki nazo mwenyewe. Walinzi wakianza kugawana saa, nidhamu imekwisha. Agosti Ruvuma inakuwa na maji machache, mchanga umejitokeza, ila mikondo ina kina. Buti zivuliwe kabla ya kuvuka, kwa sababu buti lililolowa linachubua kisigino, na mtu asiyeweza kutembea anawachelewesha wote. Siku za mwanzo wapewe uji na maji yaliyochemshwa. Ukimshindilia dona na maharage mtu asiyeyazoea, kesho kambi nzima inaharisha. Baadaye sufuria ni moja, mlinzi na mateka.

“Na walinzi waliotoka Mueda je?” nikauliza.

Akaacha kubangua. Pale Mueda, huko huko Cabo Delgado, Wareno waliwamiminia watu risasi tarehe 16 Juni 1960, na huku kwetu Wamakonde wengi wana ndugu ng'ambo. “Aliyefiwa hapewi zamu ya mateka. Anapewa kazi nyingine, bila kuaibishwa.” Mzee akasema Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO, hakuchoka kuwakumbusha: adui ni ukoloni, Mreno si adui.

Mimi naamini huruma hiyo ilikuwa pia mbinu ya vita. Askari anayejua kwamba akijisalimisha ataishi hapigani hadi risasi ya mwisho. Mkataba wa Lusaka, wa kumaliza vita kati ya Ureno na FRELIMO, ukatiwa saini tarehe 7 Septemba mwaka huo wa 1974, na mateka wa Omar wakaachiwa, wakarudi kwao.