Kumkabidhi Adui Akiwa Hai

“Wapenzi, msijilipize kisasi, bali ipisheni ghadhabu ya Mungu.” (Warumi 12:19)

Filamu ya Shaolin Temple (1982), iliyomtambulisha Jet Li, inaturudisha China ya karne ya 7, enzi ya wafalme wa Sui ikizama na ya wafalme wa Tang ikichomoza. Wang Renze, jemadari katili, anamuua baba wa kijana mmoja. Kijana anakimbilia kwa watawa wa Kibuddha wa hekalu la Shaolin akiwa taabani; wanamtibu na kumfundisha kupigana.

Mafunzo yenyewe ni ya kweli, maana wengi waliocheza ni wanamichezo wa wushu, sanaa ya mapigano ya Kichina. Tazama mkao wa farasi: miguu imetanuliwa kama mabega mawili, vidole mbele, mapaja sambamba na ardhi, mgongo wima. Hasira huuharibu upesi. Mabega yanapanda, pumzi inabanwa, uzito wote unahamia mbele. Pigo likikosa, mpigaji anayumba na kubaki wazi.

Mwishoni kijana anamuua Wang Renze, na watazamaji tunashangilia. Hapo ndipo tunapopaswa kujichunguza, kwa sababu historia haikwenda hivyo. Jiwe lililochongwa mwaka 728, ambalo bado lipo hekaluni, jimboni Henan, linasimulia kwamba mwaka 621 watawa walimkamata Wang Renze wakamkabidhi kwa upande wa Li Shimin, mwana wa mfalme wa Tang. Nao walikuwa na kinyongo cha haki: ukoo wa Wang ulikuwa umewapora shamba lao la bondeni. (Hawakutoka mikono mitupu, ni kweli, baadaye walipewa ardhi na kinu cha maji.) Adui alikuwa mikononi mwao, wakamwachia mwingine hukumu.

Wengi wetu tunaisoma Warumi 12 kama amri ya kunyamaza. Aliyebakwa anaambiwa asamehe, mjane aliyenyang'anywa kiwanja anaambiwa aombe tu, na mkosaji anaendelea. Lakini Paulo hakuishia pale. Aya chache mbele, 13:4, anamtaja mwenye mamlaka kuwa mtumishi wa Mungu anayemwadhibu atendaye mabaya. Kwa hiyo andika kilichotokea, tarehe na mashahidi, ungali unakumbuka. Peleka maandishi hayo polisi, baraza la ardhi au mahakamani, ukisindikizwa na mtu asiye na hasira. Usiende nyumbani kwa mkosaji usiku, wala usitume vijana.

Wiki hii tusome 12:17 hadi 13:5 kwa mkupuo mmoja, tusikatize pale sura inapoishia.