Barua ya rufaa ya mstari mmoja

Mama alikunywa ile dawa ya kuosha tumbo usiku mzima, glasi baada ya glasi, chooni anaenda anarudi mpaka miguu ikaniuma mimi ninayemsindikiza. Asubuhi tumefika, ameshavalishwa lile gauni la kufungwa mgongoni, dokta bingwa anasoma barua ya rufaa, ananyanyua kichwa, "Mama, kuna dawa yoyote unatumia?" Mama akajibu kwa upole kabisa, "Kale kadonge ka damu tu mwanangu, ka kila jioni." Warfarini hiyo, dawa ya kuzuia damu isigande. Kipimo cha kuchungulia utumbo mpana kwa kamera kikaishia hapo.

Barua yenyewe niliiona. "Anatoka damu chooni, tafadhali mfanyie kolonoskopi." Basi. Vali ya bandia kwenye moyo haikutajwa, warfarini haikutajwa, wala INR ya mwisho, kile kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda, ilisoma ngapi. Na dokta aliyetuandikia ni mtu mzuri jamani, anamjua mama kuliko hata mimi, ila nahisi ndo shida yenyewe, ukimjua mgonjwa sana unaona kama kila mtu anamjua.

Ingekuwa kuchungulia tu na kamera pengine wangeendelea, lakini wakikuta kinyama, yaani kiuvimbe kilichoota ndani ya utumbo, wanatakiwa wakikate, na kumkata mtu ambaye damu yake haigandi ni kutafuta balaa. Kawaida warfarini inasimamishwa kama siku 5 kabla. Sasa mwenye vali ya chuma humwambii tu "acha dawa" ukaondoka, damu ikigandia pale inaweza kupanda kichwani akapata kiharusi, ndo maana wengine wanachomwa sindano za heparini, nayo inazuia damu kuganda ila haikai sana mwilini, hapo katikati. Nani aamue? Aliyeandika barua alidhani bingwa atatoa maelekezo, bingwa alidhani mgonjwa anakuja keshaandaliwa, na sisi tulidhani wameshaongea, si wote madokta?

Raundi ya pili nikawa mkorofi kidogo. Nilienda kwa dokta wetu nikamwomba aandike dawa zote na dozi zake, aleji, vali iliwekwa lini, na swali moja linaloeleweka: dawa isimame lini, irudiwe lini, na nani wa kumwambia mama. Akaweka kalamu chini akampigia bingwa palepale. Dakika nne hivi, mi nimekaa nasikia upande mmoja, "eeh... vali ya mitrali... ndiyo, ya chuma... basi INR ntampima mimi siku moja kabla." Halafu akanipa karatasi yenye tarehe, ya kuacha, ya kuanza sindano, ya kurudia. Tarehe kabisa, maana "siku chache kabla" kwa mama ni jana.

Vinyama viwili vilitolewa, damu haikuleta shida. Majibu ya maabara yamebaki kwa bingwa, na dokta wetu mpaka leo kila tukikutana ananiuliza mimi yalisemaje.