Moyo wa nani huu ninaousikia?

Wakunga wapya wakifika leba kwetu, kabla sijawaonyesha kabati la dawa huwa nawaonyesha hivi: mkono mmoja unashika dopla, kile kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, tumboni mwa mama, wa pili unashika mapigo ya mama kwenye kifundo cha mkono. Yote mawili kwa pamoja. Mapigo ya mtoto hukaa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Ya mama aliyetulia yako chini ya hapo, lakini mama mwenye uchungu hatulii. Anasukuma, pengine ana homa, pengine hajanywa maji tangu jana, na moyo wake unafika 120 au 130. Hapo dopla inakusomea namba safi kabisa, unaijaza kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, kumbe uliyemsikiliza ni mama. Mtoto anaweza kuwa amechoka muda mrefu na hakuna aliyejua.

Kwa hiyo nakipenda sana kifaa kiitwacho "Moyo", ambacho kimefanyiwa utafiti hapahapa Tanzania. Kinafungwa tumboni kwa mkanda na kufuatilia mapigo mfululizo. Ukitia shaka, mama anakigusa kwa vidole vyake na moyo wake unasomwa peke yake.

Wapo pia watafiti wanaofuata njia nyingine, ya kunasa umeme wa moyo wa mtoto kwa vibandiko juu ya ngozi ya tumbo. Si wazo la jana. Max Cremer, Mjerumani, aliunasa umeme huo mwaka 1906. Shida ni kwamba umeme wa moyo wa mama una nguvu zaidi, na wa mtoto unafika juu ukiwa hafifu mno. Ni kama kumsikia mtoto akinong'ona ukumbini taarabu ikiwa imepamba moto. Halafu kuanzia kama wiki ya 28 ule utando mweupe unaomfunika mtoto huzuia umeme usipite vizuri, ndiyo maana vipimo vingi vya miezi hiyo hutoka vibaya. Programu za kompyuta sasa zinajitahidi kuutambua moyo wa mama na kuuondoa, abaki mtoto. Nazifuatilia kazi hizi kwa hamu kubwa, maana ndilo swali langu la kila zamu.

Lakini kusikia peke yake hakutoshi. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2018 ulilinganisha dopla ya mkononi na fetoskopu ya Pinard, kile kibomba cha kuweka tumboni na kusikiliza kwa sikio. Dopla iligundua mapigo yasiyo ya kawaida mara nyingi zaidi, ila hali ya watoto walipozaliwa haikutofautiana. Niliposoma niliumia, ingawa sikushangaa. Ukishagundua unamlaza mama ubavu, unasimamisha dripu ya kuongeza uchungu, unamwita daktari. Baada ya hapo unasubiri: chumba cha upasuaji kina mtu, mtaalamu wa usingizi ni mmoja, damu haijafika.

Shirika la Afya Duniani linataka tusikilize kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 mama anaposukuma. Usiku mkunga mmoja ana akina mama wangapi? Watafiti wanaopima vifaa hivi, naomba wapime na hili: tangu kengele ilipolia, dakika ngapi zilipita mpaka mama akafikishwa kwenye meza ya upasuaji.